Mzee Gore na mipira yake 11

Leo sitaandika kuhusu seva wala hifadhidata, na wale waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya kuhamisha data wanisamehe, itakuja. Kila mwaka Septemba ikifika kuna watu wawili watatu huniandikia swali lile lile: nina mkimbiaji mkongwe kwenye timu yangu ya fantasi, kocha ameanza kumgawia kijana nusu ya kazi yake, je, wiki hii nimchezeshe au nimweke benchi? Nimechoka kulijibu vipande vipande. Haya basi, jibu lote hili hapa, pamoja na sababu ya swali lenyewe kunigusa kuliko linavyostahili.

Kwanza kwa wasioujua mchezo. Nazungumzia kandanda ya Kimarekani, ile ya kofia na mabega ya plastiki. Fantasi yake ni kama ile ya Ligi Kuu ya Uingereza ambayo nusu ya ofisi za Nairobi hucheza Jumamosi asubuhi badala ya kufanya kazi za nyumbani. Unachagua wachezaji halisi, wanachofanya uwanjani kinakuwa pointi zako. Mkimbiaji ni yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kutumbukia katikati ya majitu ya kilo 140. Kwenye ligi yetu kila yadi 10 ni pointi 1, na tachidauni, yaani kuuvusha mpira mstari wa mwisho, ni pointi 6. Kudaka mpira kwenyewe hakutoi pointi, ila yadi za baada ya kudaka zinahesabiwa.

Yaani:

pointi = 0.1 × yadi + 6 × tachidauni

Ukiitazama hesabu hiyo kwa dakika moja utaona tatizo lote la mkongwe anayegawana kazi. Yadi 50 ni pointi 5. Tachidauni moja ya kuruka nusu hatua ni 6. Mtu anaweza kufanya kazi mchana kutwa akashindwa na mtu aliyeingia mara moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Jerome Bettis wa Pittsburgh, Septemba 2004, mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Raiders. Kazi ya kukimbia ilikuwa imepewa mgeni, Duce Staley. Bettis alikuwa na miaka 32 na uzito wake haukuwa siri kwa mtu yeyote. Siku hiyo alipewa mpira mara 5 akapata yadi 1. Moja. Na tachidauni 3. Piga hesabu: pointi 18.1 kwa yadi moja! Staley alitoa jasho, Bettis akala matunda, na kila aliyekuwa na Staley kwenye fantasi nadhani bado analalamika hadi leo.

Kwa hivyo usiniulize "mkongwe atapewa mpira mara ngapi?" peke yake. Niulize pia "mpira ukiwa yadi mbili kutoka mstarini, nani yuko uwanjani?" Hilo la pili ndilo swali lenye pesa.

Sasa niwaeleze nilivyoingia humu. Mwaka 2018 nilikuwa nikifanya kazi ya mkataba kwa mteja wa Marekani (simtaji), nikitunza mfumo wake wa malipo nikiwa nyumbani, Ruaka. Nilikuwa nimeutunza miaka sita. Nalipwa kwa saa. Agosti mwaka huo ikaja barua pepe fupi, ya heshima kabisa, kwamba kuanzia Septemba kazi ile itagawanywa kati yangu na kijana mmoja wa miaka 24 kutoka Eldoret, "ili kuongeza kasi". Mimi nilikuwa na miaka 41. Saa zangu 40 kwa wiki zingekuwa 20 na kitu, na Desemba wangeangalia tena kama wanahitaji watu wawili. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa anafanya KCPE Oktoba, na Januari angeingia kidato cha kwanza. Mzazi yeyote wa Kenya wa wakati huo anajua Januari ya kidato cha kwanza ilivyokuwa: karo, sare, godoro, sanduku la bati, na orodha ya shule ambayo haikuwa na mwisho.

Wiki hiyo hiyo wafanyakazi wa mteja walianzisha ligi ya timu 10 na kutualika sote wawili. Kijana alimchagua Kenyan Drake wa Miami Dolphins. Sababu yake? Jina. "Mkubwa, siwezi kumwacha Mkenya mwenzangu," akaniandikia. (Drake ni mtu wa Georgia, hana uhusiano wowote na Kenya ninaoujua. Lakini jina ni jina.) Mimi, zamu za mwisho mwisho, wenye akili walipokwisha kuchukuliwa, nikamchukua mkimbiaji mwingine wa timu hiyo hiyo, Frank Gore.

"Mkubwa, mbona umemchukua babu?"

"Babu gani? Ana miaka 35."

"Kwa kazi ile, huyo ni babu."

Hakukosea. Wakimbiaji wengi huishia miaka 28 au 29. Miili inakataa. Gore alikuwa ameng'oka kano za magoti yote mawili akiwa bado chuoni, na mabega yote mawili yakafanyiwa upasuaji, ndiyo sababu mwaka 2005 timu nyingi zilimruka hadi San Francisco walipomchukua wa 65. Mwaka uliofuata, 2006, alikimbia yadi 1,695, na miaka 12 baadaye alikuwa bado yupo. Amerudi kwao Miami kwa mkataba wa mwaka mmoja, kugawana kazi na kijana wa miaka 24 ambaye msimu wa 2017, baada ya Jay Ajayi kuuzwa Philadelphia, alikimbia yadi 644 na kumfanya kila mtu aamini kwamba zamu yake imefika.

Nilijitengenezea jedwali. Mwandishi wa programu akiwa na wasiwasi hutengeneza jedwali, ndiyo dawa yetu. Ukurasa wa kwanza: Gore mara ngapi, Drake mara ngapi, nani alikuwa uwanjani karibu na mstari. Ukurasa wa pili sikumwonyesha mtu: saa zangu wiki hii, saa za kijana wiki hii.

Mechi ya kwanza ilikuwa 9 Septemba dhidi ya Tennessee. Ilianza saa mbili usiku kwa saa zetu, nikasema nitalala saa tano. Radi zikapiga Miami, mechi ikasimamishwa, ikaendelea, ikasimamishwa tena. Ilichukua saa 7 na dakika 8, mechi ndefu kuliko zote tangu ligi mbili za Marekani zilipoungana mwaka 1970. Hapa Ruaka ilikuwa imepita saa tisa usiku ilipokwisha. Dolphins walishinda 27 kwa 20. Jumapili iliyofuata, dhidi ya Jets, Gore akampita Curtis Martin na kuwa wa 4 katika orodha ya wakimbiaji wa historia yote ya ligi hiyo. Kwa fantasi siku hiyo ilikuwa pointi 2 na nusu za mbio. Historia haina pointi.

Hapo nikaanza kujifunza kusoma taarifa za kila wiki, zile zinazosema "mtarajie mkongwe apate kazi ya wastani". Nyingi ni maneno matupu. Zenye faida zina vitu vichache tu, nami navitazama kwa mpangilio huu.

Ripoti ya mazoezi hutoka Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Ukiona mkongwe hakufanya mazoezi Jumatano, usiogope, timu nyingi huwapa wazee siku hiyo wapumzike. Ukiona hakufanya Ijumaa, ogopa. Halafu dakika 90 kabla ya mechi hutolewa orodha ya wasiocheza. Kwa mechi za mapema ni saa kumi na mbili na nusu jioni hapa kwetu mwanzoni mwa msimu, na saa moja na nusu baada ya Wamarekani kurudisha saa zao nyuma Novemba. Weka kengele kwenye simu. Nimeshuhudia mtu akipoteza wiki nzima kwa sababu alikuwa kwenye matatu na bando limekwisha.

La pili ni jinsi mechi inavyotarajiwa kwenda. Timu ikiongoza hukimbia ili kula saa, na hapo mkongwe hupewa mpira. Timu ikiwa nyuma hurusha, na mkongwe huenda kukaa, kijana anayejua kudaka huingia. Kwa hivyo Gore dhidi ya timu dhaifu ni chakula. Gore ugenini kwa mabingwa ni njaa.

La tatu ni ule mstari. Na hapa ndipo Gore alinitesa. Msimu mzima wa 2018 alipewa mpira mara 156 katika mechi 14, mara 11 hivi kwa mechi, kama saa ya ukutani. Yadi 722. Tachidauni za kukimbia: 0. Sifuri! Alipata moja tu ya kudaka. Drake mara 120, yadi 535, tachidauni 4, kisha akadaka mara 53 kwa yadi 477 na tachidauni 5. Ukigawanya, kila Gore alipopewa mpira alipata yadi 4.6, Drake 4.5 kasoro kidogo. Mzee alikuwa hapungukiwi na kitu kwa kijana. Lakini kwa fomula yetu Drake ana pointi 155.2 (kabla ya kukata za kuangusha mpira) na Gore 90.6.

Nilikaa na namba hizo muda mrefu kuliko fantasi inavyohitaji. Kwa sababu ukurasa wa pili wa jedwali ulikuwa unasema jambo linalofanana. Kijana alikuwa amepewa programu mpya ya simu, ile iliyoonyeshwa kwa wakubwa kila Alhamisi wakapiga makofi. Mimi nilibaki na usuluhishi wa malipo, kuhakikisha kila senti iliyotoka upande mmoja imefika upande wa pili. Hakuna anayepiga makofi kwa sababu senti zimefika. Anapiga simu tu zisipofika.

Ila sitasema kijana alikuwa mbaya. Alikuwa mzuri, na mwenye adabu. Oktoba programu yake ilizima mfumo kwa dakika 40, usiku wa mishahara, akaniandikia saa nane usiku: "Mkubwa, uko macho?" Nilikuwa macho. Tulirekebisha pamoja, sikumwuliza mengi. Siku chache tu kabla ya hapo, 14 Oktoba, Dolphins walicheza na Chicago Bears. Muda wa ziada, Drake anauingiza mpira mstarini kumaliza mechi, anauangusha yadi moja kabla. Gore siku hiyo alikuwa na yadi 101 kwa mara 15. Dolphins walishinda hata hivyo, 31 kwa 28, kwa teke la Jason Sanders. Nilimtumia kijana alama ya kucheka. Hakujibu hadi Jumanne.

Mtoto alifanya mtihani, akamaliza vizuri. Shule ikaitwa, orodha ikaja. Nikahesabu saa zangu: 22, 21, 19, 23. Kama Gore kabisa. Huwezi kununulia mtu gari kwa hizo, lakini ukijua zitakuja kila wiki unaweza kupanga. Na hili ndilo nawaambia watu kuhusu mkongwe anayegawana kazi: usimweke pale unapohitaji muujiza. Mweke pale unapohitaji pointi 6 bila kushtuka, huku wengine kwenye timu yako wakiwa ndio wa kubahatisha. Kama uko nyuma na mpinzani ana nyota watatu, mchezeshe kijana, mzee hatakuokoa.

Basi ikaja wiki ya 14, 9 Desemba, nusu fainali ya ligi yetu. Mimi dhidi ya nani? Kijana wa Eldoret. Mechi ya Dolphins na New England ilianza saa tatu usiku. Nilimchezesha Gore, yeye akamchezesha Drake. Gore alicheza kama mtu wa miaka 25: mara 12, yadi 92. Lakini waliofunga kwa mbio hakuwa yeye, aliingia Brandon Bolden, mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kwenye mateke, tena aliyewahi kuichezea hiyo hiyo New England. Alipewa mpira mara 2 mechi nzima. Tachidauni 2. Nilisimama nikaenda jikoni kunywa maji.

Lakini nilikuwa mbele. Sekunde 7 zimebaki, Dolphins wako nyuma 28 kwa 33, yadi 69 kutoka mstarini, na mimi naongoza kwa pointi 7.3. Kijana hana mchezaji mwingine aliyebaki. Mke wangu akaniuliza kutoka chumbani kama nimemaliza, nikasema nimemaliza.

Ryan Tannehill akarusha kwa Kenny Stills. Stills akampa DeVante Parker. Parker akamtupia Drake pembeni. Na Drake akakimbia yadi 52, akakata katikati, mtu wa mwisho kati yake na mstari akiwa Rob Gronkowski, jitu la mashambulizi waliloliweka nyuma kwa kuhofia mpira mrefu. Gronkowski akajikwaa. Tachidauni. Dolphins 34, New England 33. Wamarekani wanauita Muujiza wa Miami.

Kwa takwimu za ligi, yadi za mpira wa kupokezwa vile huhesabiwa kama za kudaka ingawa hukudaka. Yadi 52 na tachidauni: pointi 11.2. Nilishindwa kwa 3.9. Ilikuwa saa sita na robo usiku hivi, simu ikalia kabla sijakaa.

"Mkubwa. MKUBWA. Umeona?"

"Nimeona."

"Pole sana. Lakini umeona?"

Wiki iliyofuata Gore aliumia mguu dhidi ya Minnesota, msimu wake ukaishia hapo. Tangu msimu wa 2011 uanze hakuwa amekosa mechi hata moja. Kijana alichukua fainali bila msaada wangu.

Mteja alifanya tathmini yake 19 Desemba, kwa simu, watu watano kwenye laini na mmoja anatafuna. Walitubakisha sote wawili, kwa saa zile zile. Sababu waliyoitoa kwangu ilikuwa sentensi moja: tangu Septemba hakuna malipo yaliyopotea. Sanduku la bati lilinunuliwa Gikomba, godoro Limuru Road, na karo ililipwa kwa awamu mbili.

Watu waliniambia Gore amekwisha. Mwaka 2019 alikwenda Buffalo kugawana kazi na kijana mwingine, Devin Singletary, akapewa mpira mara 166, na Novemba mwaka huo akampita Barry Sanders kushika nafasi ya 3. Mwaka 2020, akiwa na miaka 37, aliongoza kwa mbio kwenye timu ya Jets iliyokuwa mbovu kupindukia: mara 187, yadi 653. Alimaliza na yadi 16,000 kamili, si moja zaidi wala pungufu. Mbele yake ni Emmitt Smith na Walter Payton peke yao. Drake naye aliuzwa Arizona Oktoba 2019, na siku chache baadaye katika mechi yake ya kwanza huko akakimbia yadi 110. Huyo pia alipata nafasi yake, ila si kwa kumsubiri Gore astaafu, maana angesubiri sana.

Kijana wa Eldoret sasa ana kampuni yake ndogo na ana watoto. Bado tuko kwenye ligi moja. Jumapili moja ya msimu uliopita aliniandikia: ana mkimbiaji wa miaka 30, kocha ameanza kumwingiza chipukizi, afanyeje? Nilimjibu kwa maswali mawili: alipewa mpira mara ngapi wiki iliyopita, na nani alikuwa uwanjani yadi mbili kutoka mstarini?

Akajibu: mara 11, na hajui.

Nikamwambia akatazame kabla ya saa kumi na mbili na nusu.